Deni la serikali na gorogoro ya mahindi: jibu kwa mhazini wa Luanda

Swali hili limetoka kwa mama anayeuza nafaka sokoni Luanda, Kaunti ya Vihiga, ambaye pia ni mhazini wa chama cha wanawake ishirini. Ameandika hivi:

"Mwalimu, salamu kutoka Luanda. Chama chetu kina shilingi 240,000 benki, na kikao cha juzi kiliishia kwa kelele. Mmoja wetu anasema serikali imekopa kupita kiasi, shilingi itakuwa karatasi, tutoe pesa zote tununue mahindi na mabati. Mwingine akauliza kwa nini serikali isichapishe tu noti ilipe hilo deni tupumue. Na mimi mwenyewe nimeona jambo: kila serikali ikimwaga pesa kwa vijana, unga unapanda. Ni macho yangu au ni kweli? Nikiulizwa kikao kijacho nijibu nini?"

Mama Mhazini, salamu zimefika. Nitaanza na huyo wa kuchapisha noti. Swali lake wengi huona haya kuliuliza, na ukilielewa hilo, mengine mawili yanafunguka yenyewe.

Wewe unauza nafaka, basi tuongee nafaka. Tuseme wanachama wameweka kwako magunia hamsini ya mahindi. Gunia la kilo 90 linatoa gorogoro 45, yaani mikebe ya kilo mbili mbili, kwa hivyo stoo ina gorogoro 2,250, na kwa kila gorogoro umempa mwenyewe risiti. Pole pole watu wanaanza kulipana kwa risiti hizo: wa boda anazipokea, kinyozi anazipokea, mama wa mboga pia. Usiku mmoja unaandika risiti 2,250 nyingine ukalipe deni lako kwa duka la mbolea. Asubuhi mahindi ni yale yale. Mwenye mbolea anakuja na risiti zake, majirani wanasikia, na kabla jua halijatua hakuna anayekubali kutoa gorogoro kwa risiti moja. Anataka mbili. Hujaiba hata punje, lakini kila aliyekuwa na risiti ya zamani amepoteza nusu. Noti iliyochapwa bila kitu nyuma yake hufanya kazi hiyo hiyo: inamtoza kodi mwenye akiba, na haihitaji hata kutuma kanjo.

Sasa geuza hadithi. Risiti za ziada hukuzitumia kulipa deni. Umewalipa vijana waliokuwa wakishinda stejini bila kazi, wakapalilia shamba lililoachwa na kuzibua mtaro. Agosti shamba linatoa magunia mengine hamsini. Risiti zimeongezeka, na mahindi yameongezeka. Kati ya Machi na Agosti bei inaweza kusumbua, kwa sababu vijana wanakula leo na mavuno ni kesho, lakini ukiwa na akiba stoo utavuka.

Kenya tumeishi hadithi ya kwanza. Mwaka 1992 nilikuwa karani kijana wa benki hapa Kisumu. Uchaguzi wa vyama vingi wa Desemba mwaka huo ulikuja na noti mpya zikinuka wino, na ile ya mia tano watu wakaiita "Jirongo", kwa jina la kiongozi wa kundi la YK'92 lililokipigia kampeni chama tawala cha KANU. Wakati huo huo kulikuwa na kashfa ya Goldenberg: mabilioni yalilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo sehemu kubwa hazikuwahi kuonekana. Mwaka 1993 mfumko wa bei ulifika wastani wa karibu asilimia 46. Dola iliyokuwa kama shilingi 36 mwishoni mwa 1992 ilikuwa inakaribia 68 mwaka mmoja baadaye. Benki Kuu ilipotaka kuzivuta noti hizo zirudi, riba ya hati za muda mfupi za Hazina ilipita asilimia 60. Mimi nakumbuka kwa mshahara. Januari ulitosha kodi ya chumba changu Ondiek, chakula, na nauli ya kwenda nyumbani Maragoli mara mbili kwa mwezi. Kufikia Septemba nilikuwa naenda mara moja, na mkononi nimebeba mkate badala ya nyama.

Kutoka maumivu hayo sheria ya Benki Kuu ilifungwa kamba. Leo serikali haiwezi kuchukua overdrafti, yaani mkopo wa dharura wa kujazia akaunti, kwa Benki Kuu inayozidi asilimia 5 ya mapato yake ya mwisho yaliyokaguliwa. Kwa mapato ya trilioni mbili na kitu, hiyo ni bilioni mia moja na kitu tu, na bajeti ya nchi imepita trilioni nne. Nayo Katiba ya 2010, kifungu cha 231, inaiachia Benki Kuu kazi ya kulinda bei bila kuelekezwa na mtu. Kwa hivyo dada anayesema shilingi itakuwa karatasi kwa sababu ya deni amechelewa miaka thelathini. Na anayetaka zichapwe umweleze kuhusu risiti zako 2,250.

Lakini kama hazichapwi, hizo pesa zinatoka wapi? Deni la Kenya lilikuwa karibu shilingi trilioni 1.9 katikati ya 2013. Juni 2025 lilikuwa kama trilioni 11.8. Zaidi ya nusu ya hilo la sasa tumekopeshana wenyewe: mabenki, mifuko ya pensheni, kampuni za bima, na watu binafsi wanaonunua hati fungani, yaani karatasi za kuikopesha serikali kwa riba. Ukiweka pesa benki, au mwajiri akikukata akiba ya uzeeni ya NSSF, sehemu yake inazunguka na kuishia Hazina. Kwa lugha nyingine, chama chako kinamdai Rais, ila hamjui. Pesa za aina hii hazijaongezeka nchini, zimehama mfuko. Ulizoziweka wewe hukuzitumia, serikali ikazitumia kwa niaba yako. Ndiyo sababu deni linaweza kupanda kama mlima Elgon na bei zisipande nalo: mwaka mzima wa 2025 mfumko ulikaa kati ya asilimia 3 na 5, ndani ya lengo la Benki Kuu la asilimia 5, juu au chini kwa 2.5.

Hadithi ya pili nayo tumeijaribu, na nyinyi wa Vihiga mmeiona kwa macho. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007 na ukame uliofuata, bajeti ya Juni 2009, Uhuru Kenyatta akiwa Waziri wa Fedha, ilitenga shilingi bilioni 22 za kuchochea uchumi. Ziligawanywa hadi mashinani: masoko, vituo vya afya, vibanda vya jua kali, shule, na mabwawa ya samaki 200 kwa kila eneobunge katika maeneobunge 140. Bwawa moja lilichimbwa kwa jirani yetu kijijini. Vijana sita, sepetu sita, wiki mbili za matope. Walipolipwa, mwenye duka aliuza sukari iliyokuwa imeganda kwenye rafu, akalipa deni la mkate, naye wa mkate akanyoa watoto wake wote siku moja. Hakuna bei iliyopanda kwa ajili yao. Vijana walikuwepo, sepetu zilikuwepo, udongo ndio usiseme. Kilichokosekana ni mtu wa kulipa. Hapo ndipo pesa ya serikali hufanya kazi nzuri kuliko mahali pengine popote, na mchumi anayekuambia kila shilingi ya kukopa ni dhambi hajawahi kuona soko lililokauka.

Lakini nimalizie habari ya bwawa. Leo ni makao ya vyura. Vifaranga vya samaki vililetwa mara moja, chakula chao kikawa ghali kuliko samaki mwenyewe, na aliyeahidi kurudi kufundisha hakurudi. Jirani amepanda nduma ukingoni, na nduma zinastawi sana. Ukiniuliza mimi, pesa ya bwawa lile haikuleta mfumko. Ilileta hasara, na hasara ya mkopo hulipiwa riba hata baada ya vyura kuzeeka.

Kuna atakayekukumbusha 2011, kwamba miaka miwili baada ya mabwawa bei zilipasuka. Zilipasuka kweli. Mfumko ulitoka kama asilimia 5 mwezi Januari hadi 19.7 Novemba. Ila angalia kilichotokea mwaka huo. Mvua ilikataa katika pembe yote ya Afrika, mafuta yakapanda duniani, na Benki Kuu ilikuwa imeacha riba yake chini, asilimia 5.75, mikopo ikawa rahisi na watu wakanunua vitu vya nje. Shilingi ikaporomoka hadi 107 kwa dola mwezi Oktoba. Benki Kuu ilipoamka iliruka: 7, 11, 16.5, kisha 18 kufikia Desemba. Kwa hesabu yangu, lililoumiza zaidi lilikuwa riba ya chini iliyokaa muda mrefu huku ghala likiwa tupu. Bilioni 22 zilikuwa kelele ndogo ndani ya ngoma hiyo.

Mwaka 2020 ukatupa jaribio lingine. Serikali ilitangaza mpango wa shilingi bilioni 53.7 mwezi Mei, vijana wakafagia mitaa yetu ya Nyalenda, Obunga na Manyatta chini ya mpango wa Kazi Mtaani, kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ikashushwa kutoka asilimia 16 hadi 14. Mfumko haukutoka nje ya lengo. Watu walikuwa wamefungiwa nyumbani, matatu zilibeba nusu, hoteli zilikuwa tupu. Ile pesa iliziba shimo tu. Bei zilikuja kupanda 2022, hadi asilimia 9.6 Oktoba, baada ya ukame wa misimu mfululizo na vita vya Ukraine vilivyogonga ngano, mafuta na mbolea. Linganisha na Marekani, ambako mwaka 2021 walitoa mpango mwingine wa dola trilioni 1.9, hundi za dola 1,400 kwa mtu, huku maduka tayari yakikosa bidhaa. Juni 2022 mfumko wao ulifika 9.1. Ndizo risiti zako, Mama, zikiandikwa wakati mahindi yako barabarani na lori limekwama.

Sasa macho yako. Unasema serikali ikimwaga pesa kwa vijana unga unapanda. Nakuamini kwamba umeliona, kwa maana wewe ndiye unayeshika gorogoro. Lakini jiulize huwa ni mwezi gani. Vihiga mnaanza kuvuna mahindi ya mvua ndefu Julai na Agosti. Trans Nzoia na Uasin Gishu wanavuna Oktoba hadi Desemba. Kwa hivyo Mei, Juni na Julai stoo za magharibi zinapumua upepo, na wewe unategemea lori la kutoka ng'ambo ya Busia. Bei ya mahindi hupanda miezi hiyo hata kama hakuna kijana aliyepewa senti. Sasa ongeza siasa. Uchaguzi wetu uliangukia Agosti 2017 na Agosti 2022, kwa hivyo pesa za kampeni na za miradi ya haraka haraka humwagwa katika miezi ile ile ya njaa. Mambo mawili yanakuja na basi moja na wewe unadhani ni ndugu. Tena kumbuka serikali yenyewe ilivyofanya miaka hiyo: Mei 2017 ikashusha paketi ya kilo mbili hadi shilingi 90, Julai 2022 hadi 100, kwa ruzuku. Unga ule ulitoweka rafuni kabla ya wengi kuugusa. Kushusha bei kwa amri bila kuongeza magunia kunapanga foleni, hakuleti ugali.

Sikufichi, kuna chembe ya ukweli ndani ya ulichoona. Ukiwapa watu wenye njaa elfu mbili mbili mwezi Juni, kitu cha kwanza watakachonunua ni chakula, na chakula ni karibu theluthi ya kapu ambalo kwalo Kenya inapima mfumko. Pesa hiyo hiyo ikitolewa Novemba haisumbui mtu. Ndiyo maana naona mbolea ya ruzuku, iliyoshushwa kutoka shilingi 6,500 kwa mfuko hadi 3,500 mwaka 2022 na tena hadi 2,500 mwaka 2023, ilikuwa na akili kuliko unga wa ruzuku, pamoja na kashfa zake zote. Mbolea ni risiti ya kupalilia.

Je, basi dada wa mabati hana hoja? Anayo, ila ameielekeza mlango usio wake. Deni linatuuma, na linatuuma kila siku.

Chukua riba. Februari 2024 serikali iliuza hati fungani ya miundombinu kwa wastani wa asilimia 18.46. Ilipokea zaidi ya bilioni 240 kwa mara moja. Weka kichwa cha meneja wa benki: mtu mmoja anaitwa Hazina, anataka bilioni na atalipa 18, mwingine ni wewe, unataka laki mbili za kununua maharagwe, huna hati ya shamba. Atampa nani? Mwaka huo wastani wa riba ya mikopo ya benki ulifika kama asilimia 17, na mwanamke wa Luanda aliambiwa hata zaidi. Mkopo ambao hukupata hauandikwi kwenye takwimu za mfumko, lakini stoo yako ilibaki nusu.

Kisha kuna sehemu ya deni iliyo kwa dola. Hiyo hatuwezi kuilipa kwa shilingi hata tuzichape usiku na mchana. Mwaka 2014 Kenya ilichukua Eurobond, yaani mkopo wa dola kutoka kwa wawekezaji wa nje, na dola bilioni 2 za kwake zilikuwa zinaiva Juni 2024. Kadiri siku ilivyokaribia watu wakaogopa, dola ikapanda hadi kama shilingi 160 Januari 2024. Februari Hazina ikakopa upya dola bilioni 1.5 kwa riba ya 9.75 ili kupunguza ile ya zamani, hofu ikashuka, na dola ikarudi kwenye 130. Wewe uliguswa bila kujua. Katika miezi ile shilingi yetu ilikuwa imedhoofika hata mbele ya ile ya Uganda, na maharagwe yanayovuka Busia hununuliwa kwa ya Uganda. Ulidhani wakulima wa Mbale wamekuwa walafi.

Na mwisho kodi, ambayo ndiyo njia fupi kabisa kutoka deni hadi gorogoro. Zaidi ya nusu ya ushuru unaokusanywa sasa huenda kulipa madeni na riba zake, kwa hivyo kila mwaka lazima patafutwe mahali papya pa kukamua. Julai 2023 VAT ya mafuta ilipandishwa kutoka 8 hadi 16. Septemba petroli ikapita shilingi 200 kwa lita, na lori linalokuletea mahindi halina mfuko mwingine zaidi ya wako. Mswada wa Fedha wa 2024 ulitaka zaidi ya bilioni 300 nyingine. Vijana wakaandamana, wengine tukawazika, na Rais akauondoa. Deni halikuondoka nao. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na mimi huongeza kwamba harusini hatukualikwa sote.

Kwa kikao, basi. Mwambie wa mabati kwamba mabati ni mali ya mtu anayejenga. Yakikaa nje miaka miwili yanapata kutu, na ukiyauza yanauzwa kama ya mkono wa pili. Kuyanunua kwa kuogopa shilingi ni kukimbia mvua kwa kuingia mtoni. Pesa za chama zenye kazi karibuni, kama za mazishi na karo, ziacheni mahali zinapochukulika. Nyingine zitafutieni riba inayozidi mfumko. Siku hizi hati za Hazina zinaanzia shilingi 50,000 na mtu mwenye akaunti ya benki anajisajili kwa simu kupitia mfumo wa Benki Kuu uitwao DhowCSD. Mkiona kwenye mnada wa hati hizo riba iko juu ya mfumko kwa pointi tatu nne, hapo mwenye akiba analindwa. Ikishuka chini ya mfumko, nipigie simu, kwa sababu ndivyo 2011 ilivyoanza.

Kuna ishara mbili nyingine ninazozitazama mimi. Ya kwanza ni mtu yeyote bungeni akianza kutaka ile asilimia 5 ya overdrafti iongezwe. Ya pili ni dola ikipanda wiki baada ya wiki wakati tarehe ya mkopo mkubwa inakaribia. Ukubwa wa deni peke yake, zile trilioni za kutisha kwenye vichwa vya habari, mimi huusoma na kupindua ukurasa.

Mahindi ni jambo jingine, na hapo wewe ndiye mtaalamu. Kununua Novemba na kuuza Juni ni biashara halali inayolipa kwa sababu ya msimu, hata shilingi ikiwa imara kama jiwe la Kit Mikayi. Mkiamua kutenga sehemu, isizidi theluthi, kwa kuwa serikali inaweza kufungua mlango wa mahindi ya nje Mei na bei ikaanguka mkiwa bado mmekalia magunia. Nunueni mifuko isiyopitisha hewa, mdudu dumuzi hangojei mnada. Na msipokee gunia lolote kabla halijapimwa unyevu: likizidi asilimia 13.5, rudisheni kwa mwenyewe akaanike.